Jina la Ardhi na Mafuta Yaliyo Chini Yake

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Je, na lile ambalo mgeni humbandika mwenyeji bila ya kumuuliza? Swali hili lilinijia nilipoizuru hifadhi ya Cuyabeno, katika msitu wa Amazoni, kaskazini-mashariki mwa Ekuador.

Kutoka Quito, barabara huteremka milima ya Andes hadi mji wa Lago Agrio, kisha huendelea hadi kwenye daraja la mto Cuyabeno. Hapo msafiri huliacha gari na kupanda mtumbwi wa injini. Njia nzima bomba la mafuta humwandama kama kivuli. Huko mbele ndiko iliko hifadhi iliyotengwa mwaka wa 1979: ziwa ambamo miti imesimama majini, pomboo wa rangi ya waridi, na kimya kinachomfanya mtu adhani kuwa mafuta ameyaacha mbali. La hasha! Visima vimechimbwa hata ndani ya hifadhi yenyewe.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, nililitafakari jina la mji ule. Lago Agrio, kwa Kihispania, ni ziwa chachu. Ziwa lenyewe liko wapi? Liko Marekani! Sour Lake, katika jimbo la Texas, ndiko ilikochipukia kampuni ya Texaco. Ilipogundua mafuta katika nchi ya Wakofan mwaka wa 1967, ilikipa kisima jina la kwao, na mji ukalirithi. Jina rasmi la mji ni Nueva Loja, nalo lilitoka kwa walowezi waliohamia huko kutoka Loja, kusini mwa nchi. Majina mawili, na yote mawili ni ya wageni. Wakofan wangali na lugha yao, A'ingae, isiyo na udugu na lugha nyingine yoyote ijulikanayo. Jirani zao Watetete hawapo tena, wala lugha yao haisemwi.

Pengine msomaji atauliza, jina lina uzito gani mbele ya mapipa ya mafuta? Lina uzito mkubwa, kwani asiyeulizwa jina la kwao aghalabu haulizwi neno jingine lolote. Mwezi wa Aprili 2019, mahakama katika mkoa wa Pastaza iliamua kwamba serikali haikuwa imewashauri Wawaorani ipasavyo kuhusu uchimbaji wa mafuta katika ardhi yao. Na mwezi wa Agosti 2023, wananchi wa Ekuador walipoulizwa kwa kura, takriban asilimia 59 walitaka mafuta ya eneo mojawapo la hifadhi ya Yasuní yaachwe ardhini. Kumbe watu wakiulizwa, wanalo la kujibu!

Nasi Wakenya tusijitie hamnazo. Mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka wa 2012, katika kisima kilichoitwa Ngamia. Vingine vikapewa majina ya Kiturkana: Ekales, yaani mbuni, na Etom, yaani ndovu. Katika hili tumewashinda waliolibatiza Lago Agrio, na ni haki tujipongeze. Hata hivyo, jina la kienyeji juu ya kisima si idhini ya wenyeji. Mikataba huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na ripoti za mazingira vivyo hivyo. Mzee wa Lokichar mwenye mifugo yake hapana budi aelezwe yote hayo kwa Kiturkana, apewe muda wa kuuliza, na jibu lake liandikwe kabla ya sahihi kutiwa. Akiambiwa baada ya hapo, hajashauriwa, amearifiwa tu. Tofauti ya maneno hayo mawili haihitaji shahada ya isimu kuielewa.