MARUBANI WASIKILIZWE KABLA YA SAFARI MPYA KUTANGAZWA

Msafiri wa Mtambile, wilayani Mkoani, anayetaka kwenda Dubai kuwaona jamaa zake, hana budi kufunga safari mbili kabla ya ile iliyo kubwa. Kwanza hushika barabara, ama ateremke bandarini Mkoani, ama apande hadi uwanja wa ndege wa Chake Chake. Kisha huvuka maji kwenda Unguja au Dar es Salaam. Ndege kubwa haifiki kisiwani kwake, lakini ni mali yake, kwa kuwa imenunuliwa kwa fedha za umma. Kwa hiyo habari ya Shirika la Ndege la Tanzania kuongeza safari za nje haiwahusu wakubwa wa mjini peke yao. Inamhusu pia mwalimu wa Mtambile na karani wa Mkoani.

Ni haki kuanza na lililo jema. Desemba 2008 shirika hilo lilisimama kuruka kwa muda, baada ya kuondolewa cheti cha kuendesha safari. Miaka iliyofuata lilibaki jina tu, likiwa na ndege za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Septemba 2016 Serikali ilipokea ndege mbili aina ya Q400, na Julai 2018 ikapokea Boeing 787 ya kwanza. Safari za Mumbai zilianza Julai 2019. Ndege ya mizigo aina ya Boeing 767 ikawasili Juni 2023. Na Machi 2024 zikaanza safari za Dubai. Taifa lililowahi kukaribia kukosa ndege kabisa lina kila sababu ya kuyafurahia maendeleo hayo.

Hata hivyo, kukua kwa shirika si hesabu ya ndege peke yake. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya mwaka wa fedha 2023/24 ilionyesha hasara ya shilingi bilioni 91.8, kutoka bilioni 56.64 mwaka uliotangulia. Katika miaka hiyo hiyo ndege kadhaa aina ya Airbus A220 zililazimika kukaa chini kwa sababu ya matatizo ya injini, ambayo yaliwakumba pia wenye ndege za aina hiyo katika nchi nyingine. Shirika lililojipangia safari kwa idadi ya ndege ilizonazo, bila akiba, hujikuta linaomba radhi kwa abiria kila ndege moja inapougua.

Hapo ndipo inapofaa kuuliza marubani wanasema nini. Ni makosa kudhani kwamba rubani ni adui wa safari mpya. Kwa kawaida yeye ndiye wa kwanza kuzifurahia, maana shirika likikua, msaidizi hupanda cheo akawa nahodha, na kijana aliyehitimu hupata kazi nyumbani badala ya kuitafuta Ghuba. Wanachokihoji marubani, hapa Afrika Mashariki na kwingineko duniani, ni mpangilio wa mambo: je, watu wameandaliwa kabla ya tarehe kutangazwa, au tarehe imetangazwa kwanza ndipo watu wanatafutwa?

Swali hilo lina uzito wake. Rubani wa Q400 hawezi kuamka asubuhi akairusha Boeing 787. Sharti apate mafunzo ya aina hiyo ya ndege na kupimwa. Leseni ya juu kabisa ya urubani wa ndege za abiria hudai saa zisizopungua 1,500 za kuruka. Safari ya mbali nayo haitoshi kwa marubani wawili. Shirika la Kenya lilipoanza safari ya Nairobi hadi New York Oktoba 2018, safari ya saa kama 15, kila ndege iliondoka na marubani wanne ili wapokezane na kupumzika. Ndege moja inayoruka kila siku huhitaji vikundi kadhaa vya marubani. Asiyewahesabu hao hulazimika kuwazungusha wachache alionao, na uchovu wao hauonekani katika jedwali la safari.

Mwalimu hahitaji kufafanuliwa zaidi. Anajua kwamba madarasa mapya yasiyo na walimu ni kuta na mabati, hata kama yamefunguliwa kwa ngoma na hotuba. Mkulima wa karafuu naye anajua kwamba mkarafuu hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa, na kwamba msimu ukifika bila wachumaji, mavuno huharibika mtini. Marubani ni mkarafuu huo: hawapatikani kwa agizo.

Jirani Kenya anatoa funzo lisilofaa kupuuzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 shirika lake lilibuni mpango mkubwa, ulioitwa Mawingu, wa kuongeza ndege na vituo kwa kasi. Kisha misukosuko ikaandamana: hofu ya ugaidi ilipunguza watalii, Ebola ikasimamisha baadhi ya safari za Afrika Magharibi, na mikataba ya bei ya mafuta ikageuka hasara. Mwaka wa fedha 2014/15 ulifungwa kwa hasara ya shilingi za Kenya bilioni 25.7, na uliofuata bilioni 26.2. Ndege zilizonunuliwa kwa ajili ya kukua zikakodishwa kwa wengine. Boeing 777 tatu zikaenda Uturuki, na 787 mbili zikaenda Oman. Mwaka 2016 chama cha marubani kilidai viongozi wa juu waondoke. Novemba 2022 marubani waligoma kwa siku chache, wakidai pamoja na mengine michango ya akiba yao ya uzeeni iliyosimamishwa. Abiria kwa maelfu walikwama, na mahakama ndiyo iliyoamuru kazi irudiwe. Sauti isiyosikilizwa mezani mapema hurudi baadaye kwa njia ya mgomo, na anayeumia ni abiria asiye na hatia.

Nyumbani nako onyo limekwisha kutolewa. Desemba 2024 Tume ya Ulaya iliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga ya nchi za Umoja huo. Juni 2025 ikayaongeza mashirika yote yaliyopewa vyeti nchini Tanzania. Miongoni mwa kasoro zilizotajwa ni upungufu wa wataalamu wenye sifa na udhaifu wa usimamizi. Mtu anaweza kubishana juu ya nia ya Ulaya, lakini upungufu wa wataalamu hauondolewi kwa ubishi. Huondolewa kwa kusomesha watu.

Wapo watakaosema kwamba marubani hujitetea wenyewe, hasa mishahara na marupurupu yao. Huenda ni kweli mara nyingine. Uamuzi wa ndege iende wapi, kwa nauli gani na kwa faida gani kwa taifa, si wa rubani; ni wa Bodi na Serikali. Lakini kuna mambo ambayo yeye ndiye shahidi wa kwanza: idadi ya marubani, mapumziko yao, mafunzo yao na hali ya ndege. Katika hayo kumnyamazisha ni kujiziba masikio.

Neno rubani ni la watu wa bahari kabla halijawa la watu wa anga. Katika pwani hii rubani ni yule ajuaye mlango wa bandari na miamba iliyojificha chini ya maji, akakiongoza chombo mpaka kitie nanga. Wapemba hawahitaji kukumbushwa thamani ya maonyo ya usalama. Usiku wa Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander, ikitoka Unguja kuja Pemba, ilizama ikiwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake. Mamia walipotea, na zipo nyumba kisiwani humu ambazo hadi leo hazina kaburi la kuzuru.

Kwa hiyo ni wajibu wa uongozi wa shirika, kabla ya kutangaza safari yoyote mpya ya nje, kupata kwa maandishi maoni ya marubani na mafundi, na kuyaweka mbele ya Bodi pamoja na hesabu za biashara. Ni wajibu wa Serikali kutenga fedha za kusomesha marubani kila inapotenga fedha za kununua ndege, na kuhakikisha kwamba mtoto wa Mtambile anayefaulu hesabu na fizikia hapitwi na nafasi hiyo kwa sababu ya umbali. Na ni wajibu wa marubani kuleta hoja zao mapema, kwa takwimu na kwa nidhamu, si kwa kuwaacha abiria uwanjani.

Bendera ya taifa mkiani mwa ndege ni fahari ya kila mwananchi. Fahari hiyo itadumu ikiwa wenye kuirusha watakuwa wa kutosha, wameandaliwa, na wamesikilizwa.