Bakteria wa udongoni hawatoshi kuokoa mboga za Kibera na Kawangware

Sukuma wiki inayonawiri kando ya mto Motoine-Ngong, chini ya vibanda vya Kibera, humvutia mnunuzi kwa ukijani wake. Hali ni hiyo hiyo katika mabonde ya Kawangware. Hata hivyo, majitaka yanayokuza mboga hizo huweza kubeba pia oili chafu ya gereji na mabaki ya betri, na ndani yake risasi, kadimiamu na zinki. Metali hizi haziozi.

Wa kwanza kukabiliana nazo ni bakteria wa udongoni. Ukuta wa seli yao una chaji hasi, ilhali metali nyingi zilizoyeyuka majini zina chaji chanya, basi hunasana. Wale wa jamii ya Bacillus, wenye ukuta mnene, ni hodari wa kazi hii. Wengine huiacha metali iingie, kisha huisukuma nje kabla haijawadhuru. Hivyo ndivyo afanyavyo Cupriavidus metallidurans, aliyepatikana Ubelgiji katika miaka ya 1970 kwenye mabaki ya kiwanda cha zinki. Jeni za ustahimilivu huo huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, wakati mwingine zikiandamana na zile za usugu dhidi ya viuavijasumu. Penye kinyesi kinachotiririka wazi, hilo si jambo dogo.

Wapo wanaoona hapa dawa rahisi ya udongo uliochafuliwa. Tatizo ni kwamba bakteria huishika risasi, haiangamizi. Akifa na kuoza, au asidi ikizidi udongoni, risasi huachiliwa tena na mizizi huipata. Shirika la Afya Duniani nalo linashikilia kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walipodhurika na risasi, walikuwa na kiwanda cha kushtaki; mwaka wa 2020 mahakama iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni, uamuzi uliopingwa hadi Mahakama ya Juu. Mkulima wa Kibera amshtaki nani? Sumu yake hutoka kwa gereji mia na mitaro isiyo na mwenyewe.

Kilimo cha magunia, kilichoenea Kibera kuanzia 2008, huinua mboga kutoka ardhini. Lakini gunia nalo hujazwa udongo, na ukichotwa kando ya jaa, mkulima atakuwa ameihamisha risasi hadi mlangoni pake.