Umeme Haukaririwi

Ewe kijana msomaji, wako wasemao kwamba elimu ya umeme na sumaku yatosha kukaririwa daftarini, maadamu mwanafunzi atafaulu mtihani. Hao wamekosa. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliuona mshale wa dira ukigeuka karibu na waya uliopitisha umeme. Mwaka 1831 Michael Faraday, aliyepata kuwa mwanagenzi wa mjalidi wa vitabu huko London, aliisogeza sumaku ndani ya koili ya waya, umeme ukapita. Kwa kanuni hiyo hiyo, huko Olkaria mvuke wa ardhini huzungusha gurudumu la mtambo, nalo huzungusha sumaku katikati ya koili.

Wasema shule haina maabara? Uzungushie msumari waya uliofunikwa, uunganishe ncha zake na betri ya tochi kwa muda mfupi: msumari utainua pini. Tenga waya, pini zitaanguka. Lakini umeme wa ukutani usiuchezee kamwe. Huua, tena humwua upesi aliyekariri asielewe.

Basi mwalimu akikupa kanuni tupu, muulize kwa adabu: waya uko wapi?