Kaimati bila shira nzito

Bibi harusi akifika ukweni hupimwa kwa kaimati zake: shira ikiwa nyepesi, basi hajui kupika! Sisi hilo hatulikubali. Mama mkwe mwenye kisukari atazila kwa kuona haya tu, na usiku ndiye atakayeumwa.

Mpikieni ndizi mbivu za nazi. Ziwe zimeiva mpaka ganda limepiga madoa meusi, tui jepesi, chumvi kiasi na iliki mlotwanga wenyewe, si ya pakiti. Sukari msitie kabisa, na bado mpakulieni kidogo, maana ndizi nayo ina sukari yake. Samaki mpakeni thomu, tangawizi na ukwaju, mumchome mkaani badala ya kumzamisha kwenye mafuta.

Mawifi watanung'unika siku mbili tatu. Waacheni wanung'unike.