Zawadi Isiyowaka

Miaka kadhaa nyuma nilitia kompyuta moja kuukuu kwenye mzigo wa kwenda Unguja, zawadi ya binti wa dada yangu aliyekuwa anaingia sekondari. Hapa Muscat ilikuwa imekaa stoo muda mrefu, na mie sikuichomeka hata mara moja nikaona kama inawaka. Nikasema moyoni, huko watajua la kufanya. Nikalipia usafiri, nikapiga simu kuwapa habari, nikajiona mjomba mwema.

Nilipokwenda kuwatembelea niliikuta sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake kuna chombo cha maua. Mpwa wangu kwa adabu yake hakulalamika. "Mjomba, fundi anasema bodi imekufa. Diski tu ndiyo nzima." Dada akaongeza kwa sauti ya chini: fundi ameifungua ile diski, na picha za harusi ya binti yangu, za upande wa wanawake, zote zimo. Wallahi siku ile nilitamani ardhi inimeze.

Naileta habari hii sasa kwa sababu kompyuta nyingi zinatolewa majumbani na maofisini. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Basi wengi wetu tunafanya mawili: tunanunua mpya kwa ajili ya watoto, na ile ya zamani tunaitupa au tunaipeleka nyumbani kama ilivyo. Yote mawili mimi nayapinga. Kabla ya kununua na kabla ya kusafirisha, tukae chini na watoto wetu, tutoe moja nzima kutokana na hizo mbovu.

Si jambo geni kwangu. Nilifundisha sekondari ya misheni huko Bara, na padri aliyesimamia maabara ya fizikia hakutupa redio hata moja. Alikuwa akiwawekea wanafunzi redio tatu bubu mezani na kuwataka watoe moja inayosema. Vijana wale walijifunza umeme kwa vidole vyao.

Mwaka huu nikafanya vivyo hivyo na mjukuu wangu wa miaka 13. Jamaa yangu alinipa kompyuta mbili za ofisini, zote mbovu, lakini za aina moja. Hilo la aina moja ndilo muhimu, maana RAM ya DDR3 haiingii penye DDR4, na pawa saplai za mashine hizi za ofisini mara nyingi haziingiliani na za aina nyingine. Moja ilikuwa na bodi nzima lakini pawa imekufa. Nyingine kinyume chake. Tukahamisha pawa saplai ikiwa imefungwa vilevile. Ndani yake hafungui mtoto wala babu yake, kwani hubaki na umeme hata ikichomolewa. RAM ya GB 4 ya huku na GB 4 ya kule zikatupa GB 8. Tukapuliza vumbi, tukafuta pesti iliyokauka juu ya prosesa tukapaka mpya, na tukabadilisha ile betri ndogo mfano wa kitufe inayotunza saa.

Tulichonunua ni hiki: diski mpya ya SSD ya GB 240 kwa riyali 9, kidude cha Wi-Fi riyali 3, pesti riyali 1, betri baisa 200. Jumla riyali 13 na baisa 200. Skrini, kibodi na mausi tulikuwa nazo. Badala ya Windows tukatia Linux Mint, ambayo ni ya bure, kwa kutumia flashi. Mara ya kwanza haikuwaka. Mjukuu akaanza kununa. Nikamwambia chomoa umeme, kisha toa RAM uirudishe. Akairudisha kwa nguvu mpaka vishikizo vikalia, na feni ikazunguka. "Babu, imewaka!" Nyumba nzima ikaja kutazama kioo kinachowaka, utafikiri hatujapata kukiona.

Watu wataniambia, mwalimu, mtoto anataka kompyuta ya michezo. Kwa michezo mizito hii haifai, nakubali. Na kama shule inadai programu ya Windows peke yake, ulizeni kwanza. Lakini kuandika insha, kusoma PDF, kufungua darasa la mtandaoni na kujifunza kuandika programu, yote inaweza bila kulalamika.

Nasisitiza moja: diski za zamani msizipeleke. Kufuta picha na kumwaga kapu la taka hakuziondoi. Mwenye ujuzi huzirudisha. Diski isiyofutwa yote kwa programu maalumu ibaki nyumbani kwako, ama ivunjwe. Stara ya watu wetu ni thamani zaidi ya riyali 9.

Mashine yetu inakwenda Unguja, kwa mdogo wake yule mpwa. Plagi ya pini tatu ni ileile ya huku na kule, na umeme unakaribiana. Lakini haijapakiwa bado. Kwanza tunaitumia sisi wiki mbili kila siku, na mjukuu ana daftari anamoandika kila ikigoma. Daftari hilo nalo litakwenda ndani ya boksi, pamoja na nambari yake ya simu, ili binamu yake akikwama amuulize yeye, asimpelekee fundi.