Likizo ya Kijana Haiuzwi

Kila shule zinapofungwa, walimu wenzangu, husikika kilio kile kile katika nyumba nyingi za miji yetu: "Likizo imefika, na fedha sina." Mzazi mwenye nazo kidogo humwandikisha mwanawe masomo ya ziada. Asiye nazo humwachia kijana simu na kiti kirefu cha sebuleni, kisha akamwomba Mungu siku zipite upesi. Wote wawili wameamini jambo lisilo kweli, kwamba likizo ni bidhaa, na kwamba asiyeweza kuinunua hana la kumpa mtoto wake. Nasi walimu, ambao ingetupasa kuwatoa katika upofu huo, tumegeuka kuwa wachuuzi wa bidhaa hiyo.

Naandika kutoka Uganda, ambako nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka 20. Nina hakika kwamba wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo wataziona nyumba zao humu, ingawa kalenda zetu za shule zinatofautiana. Nikisema kwa ukali, mnivumilie, maana jambo lenyewe ni chungu.

Hebu tuanze na hesabu. Wanafunzi wengi wa sekondari hapa kwetu hulala mabwenini. Mwaka una mihula 3, na kila muhula hufuatwa na likizo: mbili za majuma 3 hivi, na ile ya mwisho wa mwaka ya karibu miezi 2. Kijana anayeingia kidato cha kwanza, mpaka siku anapoketi kufanya mtihani wa kidato cha nne, atakuwa amerudi nyumbani kwa likizo mara 11 tu. Mara 11! Ndani ya mara hizo sauti yake itakuwa nzito, kimo chake kitampita mama yake, na mawazo yake yatakuwa yamepata mwenyewe. Mzazi humpeleka shuleni mtoto na kurudishiwa mtu mzima. Sasa mwalimu anayejitokeza na kudai majuma 2 katika yale 3, tena kwa malipo, anauza nini? Anauza siku za watu wengine.

Serikali zimekwisha kuliona jambo hili. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu chake cha 37, inakataza masomo ya likizo. Hapa Uganda Wizara ya Elimu imeyapiga marufuku mara nyingi. Lakini kila marufuku inapotoka, jina hubadilishwa: leo ni "marudio", kesho ni "kambi", keshokutwa ni "mwongozo wa watahiniwa". Chaki ni ile ile, dawati ni lile lile, na mtoto ni yule yule aliyechoka.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema: "Na mtihani je?" Namjibu kwamba mwanafunzi ambaye majuma 12 ya muhula hayakumwelewesha matumizi ya -ki- na -nge-, hataelewa kwa kuongezewa majuma 2 ya dawa ile ile iliyoshindwa. Tunao wanafunzi wanaotaja ngeli zote bila kukosea, lakini hawawezi kununua fungu la nyanya kwa Kiswahili. Wamekosa mahali pa kuitumia lugha, na mahali hapo hapapatikani ubaoni.

Wa pili atasema: "Kijana akiachwa nyumbani huharibika. Hukuona wakati wa korona?" Niliona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Madhara yalikuwa makubwa, na wapo ambao hawakurudi darasani kamwe. Lakini miaka 2 ya hofu na njaa haiwezi kulinganishwa na majuma 3 ya mapumziko. Tena fundisho la msiba ule, kwa anayetaka kufundishika, ni kwamba nyumba nyingi hazikuwa na jambo lolote ambalo mkubwa na kijana walizoea kulifanya pamoja. Dawa ya ukosefu huo ni kuwapa jambo la kufanya. Kumfungia kijana darasani kunauficha tu.

Basi wafanye nini, na fedha hazipo? Nitataja mambo manne, ambayo yote kwa jumla hayafikii ada ya juma moja la masomo ya ziada.

La kwanza ni bao. Hapa kwetu twaliita omweso, na Wanyarwanda huliita igisoro. Mistari 4 ya mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64. Anayekosa ubao na achimbe mashimo uani, atumie kokoto au punje za mahindi. Kijana akiisha kuujua omweso, mfundishe bao la Kiswahili, kisha mwache alinganishe. Atagundua kwamba katika omweso huwezi kula mpaka mashimo yote mawili ya mwenzako yaliyo mkabala yawe na kete, hali katika bao la Kiswahili unakula kete za shimo la mstari wa ndani peke yake. Atagundua pia kwamba bao la Kiswahili huanza na kete 22 mkononi mwa kila mchezaji, ambazo hunamuliwa moja moja, na kwamba kuna shimo liitwalo nyumba lenye sheria zake. Sasa mwambie amweleze mdogo wake sheria hizo kwa Kiswahili. "Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, unalala." "Ungalianzia kichwa kile, ungalikula." Binti wa ndugu yangu, mwenye miaka 15, alinisuta kwa sentensi kama hiyo ya pili baada ya kunishinda, na hakuna kitabu cha sarufi kilichompa shangwe kama ile. Hali ya masharti, ambayo sisi huihangaikia darasani kwa majuma mawili, iliingia kwa jioni moja.

La pili ni msako wa maneno. Hili halihitaji hata kutoka nje. Mpe kijana daftari, azunguke nyumba akiandika majina ya vitu katika lugha ya kwao na Kiswahili. Katika Kiganda atakuta emmeeza kando ya meza, eddirisa kando ya dirisha, ssabbuuni kando ya sabuni, ekitabo kando ya kitabu, ssukaali kando ya sukari. Mwenzake wa Kigali atakuta ameza, idirishya, isabune, igitabo na isukari. Kisha waulizane maneno haya yalitoka wapi kabla ya kufika bara: meza ilikuja pwani na Wareno, dirisha lina asili ya Kiajemi, kitabu na sabuni ni vya Kiarabu. Kijana aliyezoea kuambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya wageni, ya askari na ya wanyang'anyi, atastaajabu kuona kwamba anakula juu yake kila siku. Na atakapotazama saa na kukumbuka kwamba Mganda naye, saa 1 ya asubuhi, husema ssaawa emu, hoja ya ugeni itakuwa imekwisha.

La tatu ni soko na jiko. Fedha ya chakula cha jioni itatumika vyovyote vile, basi mkabidhi kijana. Aandike mahitaji kwa Kiswahili, apige hesabu, aende sokoni pamoja nawe, apatane bei mwenyewe, na chenji ikipungua aeleze sababu. Katika masoko makubwa ya Kampala, na zaidi katika miji ya mpakani kama Busia na Malaba, hatakosa mchuuzi wa kumjibu kwa Kiswahili. Wakirudi wapike chapati. Hapo ndipo vitenzi vinapoonyesha tofauti zao: unga hukandwa, madonge hukatwa, husukumwa, hupakwa mafuta, hukunjwa, husukumwa tena, kisha huchomwa. Akiiandika njia hiyo ya upishi katika ukurasa mmoja, ameandika insha ya maelezo, na insha hiyo inalika.

La nne, nalo kwangu ndilo kubwa, ni kuwaendea wazee. Kila mtaa una mzee aliyefanya kazi katika shirika la reli au la posta la Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977. Au dereva wa malori aliyezijua barabara za kutoka Mombasa. Au mama aliyefanya biashara ya samaki ziwani. Wengi wao walijifunza Kiswahili kazini, bila mwalimu wala mtihani. Kijana aandae maswali matano, aamkie kwa heshima, asikilize, aandike. Ile simu tunayoilaani na itumike hapo kurekodi sauti ya mzee, kwa idhini yake. Wazee hawa wanaondoka mmoja mmoja, na walichokibeba hakimo katika maktaba yoyote. Hakuna shule ya likizo inayoweza kuyarudisha maneno ya mtu aliyekwisha kuzikwa.

Wa tatu sasa atainuka na kusema: "Vijana wa siku hizi hawapendi kukaa na wakubwa. Samaki hukunjwa angali mbichi, na hawa wamekwisha kukauka." La hasha! Kijana wa miaka 15 hajakauka. Ila hapendi kukalishwa kiti mkabala na kuhojiwa kama mshtakiwa. Muulize, "Mbona huzungumzi nasi?" naye atafunga kinywa zaidi. Mpe ndizi za kumenya kando yako, wote mkitazama kisu, na baada ya robo saa atakuambia jambo ambalo hukuuliza. Mikono ikiwa na kazi, ulimi hulegea. Kila mlezi mwenye macho amekwisha kuliona hili, na ndiyo sababu nimetaja kazi za mikono na miguu, nikayaacha mawaidha.

Lakini natoa maonyo matatu. Shughuli hizi zisigeuzwe utumwa: tayari wako wasichana wengi ambao likizo kwao ni kufua, kuteka maji na kulea, huku kaka zao wakipunga upepo. Mvulana naye akande unga. Pili, kalamu nyekundu ibaki shuleni. Anayesahihishwa kila neno mezani atanyamaza. Tatu, tusimwonee mama anayeuza nyanya hadi saa 3 ya usiku kwa kumdai siku nzima. Kijana na amfuate kibandani, wahesabu mauzo pamoja kwa Kiswahili. Nusu saa hiyo inatosha.

"Lakini mzazi hajui Kiswahili," mtaniambia. Vizuri sana! Basi kijana awe mwalimu. Ni lini tena mtoto wa miaka 14 atapata nafasi ya kumfundisha baba yake jambo, na baba akalikosea, na wote wakacheka? Katika nchi zetu, ambako mtoto mara nyingi amekijua Kiswahili kuliko wazazi wake, upungufu huo ni mlango, nasi tumeufunga kwa komeo kwa kudhani kwamba lugha lazima ishuke kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo.

Tumesherehekea matangazo mengi. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa hapa Uganda. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa siku yake duniani, na mwaka 2022 Baraza letu la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima. Ni matangazo mema yote. Hata hivyo hakuna tangazo lililowahi kumfanya kijana atanie, agombane au aote ndoto kwa Kiswahili. Hayo hutendeka uani na jikoni, jioni, na uani hapana mkaguzi.

Kwa hiyo nakiomba chama chetu kiseme kwa sauti moja kwamba mwanachama wake hatauza masomo ya likizo. Na siku ya kufunga shule, badala ya rundo la karatasi za maswali, kila mmoja wetu ampe mwanafunzi ukurasa mmoja wenye kazi nne kama hizi, ulioandikwa kwa lugha ambayo mzazi ataielewa. Shule zikifunguliwa, tusiwaulize wamejibu maswali mangapi. Tuwaulize wamemshinda nani bao, na mzee wa mtaani aliwaambia nini.

Atakayebaki na hamu ya kuuza, na auze nyanya. Biashara hiyo ni ya halali, nasi tutampelekea wateja wanaojua kupatana bei kwa Kiswahili.