Kompresa: tuangalie upepo, si hospawa tu

Wakulima wengi wenye karakana shambani hununua kompresa kwa kuangalia bei na hospawa za mota. Hapo ndipo hasara inapoanza. Tairi la nyuma la trekta halihitaji presha kubwa, bali upepo mwingi. Swali la kwanza dukani liwe: inatoa lita ngapi kwa dakika?

Ikishanunuliwa, ikae kwenye sakafu imara, mbali na vumbi na pumba. Waya mrefu na mwembamba huunguza mota. Maji yatolewe chini ya tangi kila jioni, kwani kutu hula chuma kwa ndani na tangi linaweza kulipuka.

Wafanyabiashara nao waache kuuza matangi chakavu yasiyo na valvu ya usalama. Urahisi wa aina hiyo hugharimu maisha.